Avengers walivunjwa na siri ya Steve Rogers kabla Mkataba wa Sokovia haujaandikwa

Mleta mada

Salaam wakuu.

Nimeirudia Captain America: Civil War, filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, na safari hii niliitazama taratibu, nikisimamisha kila mahali ambapo shujaa mmoja anaamua jambo zito bila kumshirikisha mwenzake. Sehemu hizo ni nyingi kuliko nilivyokumbuka. Ambaye bado hajaitazama naomba aishie hapa, kwa sababu nitaifuata hadi tukio la mwisho kule Siberia, na nitagusa pia filamu zilizoitangulia.

Kila mada hii inapoletwa tunagawanyika kambi mbili za kikosi cha mashujaa cha Avengers, ya Steve Rogers (Captain America) na ya Tony Stark (Iron Man), kisha tunabishana kuhusu Mkataba wa Sokovia kana kwamba karatasi ile ndiyo iliyowapiganisha. Nina msimamo wangu kuhusu mkataba, na nitausema mapema ili nisionekane nakwepa: naamini Steve alikuwa na haki ya kukataa kutia saini. Naamini pia kwamba yeye huyohuyo ndiye aliyefanya uamuzi mbaya kuliko wote katika kisa kizima, na aliufanya muda mrefu kabla mkataba haujafika mezani.

Nianze na mkataba. Kule Lagos, adui yao Brock Rumlow anamtajia Steve jina la Bucky, rafiki yake wa utotoni aliyetekwa akili na maadui na kugeuzwa muuaji, Steve anapigwa na butwaa kwa sekunde chache, na Rumlow anajilipua. Wanda, mwenzao wa kikosi, anaubana mlipuko ule kwa nguvu zake na kuuinua juu ili usiwaue watu waliojaa sokoni, lakini unamponyoka na kulipiga jengo la ghorofa lililo jirani. Miongoni mwa waliokufa ni raia 11 wa Wakanda. Ndipo Thaddeus Ross, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, anapowaletea Avengers mkataba uliokubaliwa na nchi 117, unaowataka wasiingie kazini isipokuwa pale ambapo jopo la Umoja wa Mataifa litaona inafaa. Asiyekubali atastaafu.

Hoja ya Tony si ya kupuuzwa. Ametoka kukutana na mama aliyempoteza mwanawe katika mji mmoja wa nchi ya Sokovia, kijana aliyemaliza masomo na kwenda kujitolea kuwajengea watu maskini nyumba, na Tony anajua kwamba Ultron, roboti mwenye akili bandia aliyeuangamiza mji ule, ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Anawaambia wenzake kwamba alipogundua silaha za kampuni yake zinafanya nini zikiangukia mikono mibaya, alisimamisha utengenezaji wake. Steve anamjibu kwa jambo ambalo mimi sijawahi kuliona likipata jibu ndani ya filamu: uamuzi ule Tony aliufanya kwa hiari yake, na wakitia saini, uwezo huo wa kuchagua ndio wanaoukabidhi kwa wengine. Jopo likiwatuma mahali pasipostahili, watakwenda. Likiwazuia mahali wanapohitajika, watakaa. Isitoshe, Steve ni mtu aliyefanya kazi chini ya SHIELD, taasisi ya ujasusi, akiamini anatumikia usalama wa watu, kisha akagundua mwaka 2014, katika filamu ya The Winter Soldier, kwamba HYDRA, kundi la siri la maadui, ilikuwa imejaa ndani ya taasisi ile hadi kwenye ngazi za juu. Mtu wa namna hiyo akisita kukabidhi nguvu zake kwa jopo lingine, sioni kiburi ndani yake. Naona mtu aliyeumwa na nyoka.

Sasa ugeuzeni upande wa pili. Katika filamu hiyohiyo ya 2014, Steve na mwenzake Natasha wanaingia kwenye kambi ya zamani ya jeshi na kukuta kompyuta za kale zinazohifadhi akili ya Arnim Zola, mwanasayansi wa HYDRA. Zola anawaonyesha jinsi HYDRA ilivyokuwa ikiwaondoa watu waliosimama njiani, na miongoni mwa picha zinazopita mbele ya macho ya Steve ni habari ya kifo cha Howard na Maria Stark. Tangu siku ile Steve anafahamu kwamba wazazi wa Tony hawakufa kwa ajali ya kawaida. Anatoka pale, anapigana, anapona, anarudi kuishi na kufanya kazi na Tony chini ya paa moja, na hasemi neno.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kisa hiki aliyekuja kumuumbua Steve ni Helmut Zemo. Zemo hana nguvu yoyote ya ajabu. Ni askari aliyempoteza baba, mke na mtoto kule Sokovia, akakaa chini na kukiri kwamba hawezi kuwaua Avengers, na akaona njia moja tu iliyobaki, ambayo ni kuwafanya wauane wenyewe. Mlipuko wa Vienna unaomuua Mfalme T'Chaka wa Wakanda, kusingiziwa kwa Bucky, hata safari ya Siberia, vyote ni barabara ya kuwafikisha watu watatu, Steve, Tony na Bucky, mbele ya mkanda mmoja wa video wa tarehe 16 Desemba 1991, unaoonyesha Bucky akiwaua wazazi wa Tony. Wale askari wengine watano wa HYDRA waliogandishwa kule, walioundwa kama Bucky, ambao Steve alidhani Zemo anakwenda kuwaamsha, tayari ameshawapiga risasi. Silaha yake ni mkanda ule peke yake.

Nawaomba mlitafakari hilo. Kama Tony angekuwa ameshaambiwa, mkanda ule ungemliza, ungemtia hasira, pengine angempiga Bucky ngumi ya kwanza. Lakini lile swali alilomuuliza Steve, kama alikuwa anajua, lisingekuwepo. Na ni jibu la swali lile lililomfanya Tony ageuke kumpiga rafiki yake.

Nawasilisha.

Kipimajoto

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na naomba kutofautiana nawe kwa heshima.

Umemwonea Steve. Picha alizoonyeshwa na Zola zilimwonyesha kwamba HYDRA ilihusika, hazikumwonyesha mkono uliotenda. Tony anapomuuliza kule Siberia, jibu lake la kwanza ni kwamba hakujua kuwa alikuwa Bucky, na mimi naliamini kwa kiasi fulani, kwa maana ya kwamba alikuwa na shaka pasipo uhakika. Ungemtaka aende kwa mtu aliyefiwa na wazazi wote wawili usiku mmoja, akamwambie "nadhani rafiki yangu wa utotoni, ambaye akili yake ilitekwa kwa miongo kadhaa, huenda ndiye aliyewaua, lakini sina hakika"? Kuna taarifa ambazo zikitolewa nusu zinaumiza kuliko zikisubiri kukamilika. Zaidi ya hayo, wakati ule Bucky alikuwa mafichoni, na Tony ndiye mtu mwenye mitambo na fedha za kumtafuta duniani kote. Steve alikuwa akimlinda mtu asiye na hatia ya kimaadili, kwa kuwa Bucky hakuua kwa utashi wake.

Ukitaka maamuzi mabaya, yahesabu upande wa Tony, na hayo yote aliyafanya akiwa mtetezi wa usimamizi na uwajibikaji. Alimfungia Wanda ndani ya makao yao, akamwacha Vision, mwenzao wa kikosi, awe mlinzi wake, na hakumweleza Wanda kwamba amefungiwa hadi alipojaribu kutoka. Kumbukeni kwamba kule Berlin Steve alikuwa amekaribia kukubali kutia saini, kalamu iko mbele yake, na ni habari hiyo ya Wanda iliyomfanya aizuie nafsi yake. Kisha Tony akaenda Queens, akamchukua Peter Parker, mwanafunzi wa sekondari, akamdanganya shangazi yake kwa kisingizio cha ufadhili, na akampeleka Ujerumani kupigana na watu wazima waliokomaa vitani. Hakumweleza kijana yule mgogoro wenyewe kwa ukamilifu. Sijui tunawezaje kumwita huyo mtu wa uwajibikaji.

Pale uwanja wa ndege wa Leipzig, ambapo kambi mbili zilipigana, Steve alimweleza Tony waziwazi kwamba daktari aliyeletwa kumhoji Bucky (kumbe ni Zemo) ndiye chanzo cha yote, na kwamba kuna askari wengine watano. Tony hakupima maneno yale hata dakika moja, kwa sababu Ross alikuwa amempa saa 36 za kuwakamata na 24 zilikuwa zimeshapita. Aliyejinyima kusikiliza pale alikuwa Tony.

Bahari Tulivu

Nimesoma michango yote miwili na nimeona kitu kimoja kinachonisikitisha. Mleta mada ameutumia ukurasa mzima kwa huzuni ya Tony, Kipimajoto ameutumia kwa hatia ya Tony, na wale watu 11 wa Wakanda pamoja na wengine waliokuwa ndani ya jengo lile la Lagos wametajwa kwa sentensi moja kisha wakasahauliwa. Filamu nayo inawasahau, nami nahesabu hilo kuwa udhaifu wake mkubwa kuliko mwingine wowote.

Mleta mada anasema hoja ya Steve haikupata jibu. Mimi naona jibu lipo, na alilianza Vision. Anasema kwamba tangu Tony alipojitangaza kuwa Iron Man, watu wenye uwezo usio wa kawaida wameongezeka kwa kasi, na matukio yanayoweza kuangamiza dunia yameongezeka vilevile. Nguvu zao zinaita washindani, ushindani unazaa mapigano, na mapigano yanazaa maafa. Hakusema kwamba Avengers ni waovu. Alisema kwamba usimamizi si wazo la kutupwa kando bila kufikiriwa, na Steve alilitupa kando ndani ya siku moja.

Steve anasema mikono iliyo salama zaidi ni yao wenyewe. Nauliza, nani aliyepima usalama huo? Yeye mwenyewe anakiri kwa Wanda kwamba kule Lagos alipotezwa umakini na jina la Bucky na watu wakafa. Ungamo lile lilitolewa chumbani, kati ya watu wawili waliohusika, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuuliza kama kiongozi wa kikosi ambaye hupoteza umakini kila rafiki yake anapotajwa anafaa kuendelea kuongoza. Daktari akikosea na mgonjwa akafa, hatumwachii yeye na msaidizi wake wajadiliane na kusameheana. Rubani vilevile. Haiwezekani mtu mwenye uwezo wa kuangusha jengo awe ndiye peke yake anayejitathmini.

Nakubali kwamba mkataba wenyewe uliandikwa vibaya na kuletwa vibaya. Kupewa kitabu kinene na siku tatu za kuamua si mashauriano. Gereza la Raft lililo chini ya bahari, Wanda akiwa amefungwa mikono na kuvishwa kola shingoni, linaonyesha kwamba Ross hakuwa mtu wa kukabidhiwa mamlaka yale. Lakini mtu mwenye nia ya kuwajibika angesema: mkataba huu nakataa, na badala yake napendekeza hivi. Steve hakupendekeza chochote. Ndiyo maana sikubali kwamba msimamo wake ulikuwa sahihi. Ulikuwa nusu ya msimamo.

Mwanazamu

Mimi nina dogo tu la kuongeza. Katika mashujaa wote waliopigana mle ndani, T'Challa, mwana wa Mfalme T'Chaka, ndiye peke yake aliyeanza akiwa amekosea kabisa na akamaliza akiwa amejirekebisha kwa kuusikiliza ushahidi. Alifiwa na baba mbele ya macho yake, akaapa kumuua Bucky, akamwinda kutoka Bucharest hadi Siberia, kisha akasikia kwa masikio yake kwamba alikuwa anamwinda mtu siye. Alikuwa na Zemo mikononi mwake kule juu ya theluji, hapakuwa na shahidi, na akamzuia hata asijiue mwenyewe ili akajibu mbele ya walio hai. Wakati huohuo, hatua chache kutoka hapo, Tony na Steve walikuwa wanavunjana mifupa. Msiba ni uleule wa mzazi, na mtu aliyewaumiza wote ni yuleyule. Tofauti ni kwamba T'Challa alijizuia kwanza.

Mleta mada

Nawashukuru wote. Nitajibu kwa kuanza na Bahari Tulivu, kwa sababu amenigusa mahali pa kweli.

Nakiri kwamba niliwapitia wafu wa Lagos kwa haraka. Nimerudi kuitazama sehemu ile ya Steve na Wanda chumbani, na sasa naiona kama unavyoiona wewe. Steve anamfundisha binti yule kwamba huwezi kuokoa kila mtu, na kwamba usipojifunza kuishi na ukweli huo, safari ijayo pengine hataokolewa hata mmoja. Ni maneno ya busara kwa askari aliyevunjika moyo, na ni jibu la kutisha kwa familia iliyofiwa. Naendelea kuamini alikuwa na haki ya kukataa mkataba ule kama ulivyoandikwa, ila nakubali kwamba kukataa bila kupendekeza lolote kuliwaacha wale waliofiwa bila mlango wa kubisha. Hapo umenirekebisha.

Hata hivyo naomba utazame pia kilichotokea kwa usimamizi wenyewe ulipojaribiwa. Tony akiwa njiani kuelekea Raft anapata ushahidi kwamba daktari halisi ameuawa na kwamba aliyemhoji Bucky ni Zemo. Anampelekea Ross. Ross anaukataa kwa sababu amekasirishwa na yaliyotokea Leipzig. Yaani ngazi ileile iliyowekwa ili kuzuia maamuzi ya hasira ilitoa uamuzi wa hasira, na Tony, mtetezi mkuu wa mkataba, akalazimika kuzima vinasa sauti vya gereza, kuongea kwa siri na Sam, mtu wa kambi ya Steve aliyefungwa mle, na kwenda Siberia bila ruhusa. Alichokihofia Steve kilimpata Tony kabla wino haujakauka.

Nakuja kwa Kipimajoto. Orodha yako ya makosa ya Tony naikubali yote, na la Peter Parker linanikera kuliko unavyodhani. Ningeongeza upande wa Steve pia kwamba Scott Lang, baba wa binti mdogo, aliletwa kwenye mapigano ambayo hakuyaelewa vizuri kuliko Peter. Na James Rhodes alipooza kwa mwale uliotoka kwa Vision, mwenzake wa kambi moja, uliomkosa Sam. Kosa lile halikuwa la mtu mmoja. Watu wote waliokubali kupigana na marafiki zao katika uwanja ule walichangia.

Lakini kuhusu ukimya, sikubaliani nawe kabisa. Unasema Steve alisubiri uhakika. Tony alipouliza mara ya pili na kumtaka asimdanganye, jibu la Steve lilikuwa ndiyo. Halikuwa "nilishuku". Na tuseme hakuwa na hakika kuhusu Bucky: sehemu ya kwamba HYDRA ndiyo iliyowaua Howard na Maria aliijua bila shaka yoyote, na sehemu hiyo ilikuwa mali ya Tony. Angeweza kumwambia hiyo na akabaki na shaka yake kuhusu Bucky. Hakumwambia hata hiyo.

Kuna tukio katika Age of Ultron ya mwaka 2015 ambalo kila nikiliona sasa moyo unaniuma. Wamejificha shambani kwa mwenzao Clint, na Steve na Tony wanapasua kuni. Steve anamlalamikia Tony kwamba wakati mwingine wenzake hawamwambii mambo, na anakusudia Ultron, ambaye Tony na Bruce Banner walimtengeneza kwa kificho. Malalamiko yale ni ya haki. Anakasirika hadi anachana gogo kwa mikono mitupu. Na wakati anayasema hayo, siri ya mauaji ya wazazi wa mtu aliyesimama mbele yake ameibeba kifuani. Pale ndipo pa kusema. Hapakuwa na vita, hapakuwa na Ross wala jopo, walikuwa wawili peke yao, na mazungumzo yenyewe yalikuwa juu ya kufichana.

Unasema alikuwa anamlinda Tony asiumie na anamlinda Bucky asiwindwe. Mwenyewe Steve hakubaliani nawe. Katika barua anayomtumia Tony mwishoni anaandika kwamba alidhani kwa kunyamaza anamwepusha Tony na maumivu, na sasa anaona kwamba aliyekuwa akimwepusha ni nafsi yake. Nimemheshimu zaidi kwa sentensi ile kuliko kwa ushindi wake wowote, kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kuiandika. Ila ilifika ikiwa imechelewa, ngao ikiwa imeshadondoshwa kwenye sakafu ya Siberia na wenzake wakiwa wakimbizi.

Mwanazamu, kuhusu T'Challa sina la kubishana. Nitasema tu kwamba T'Challa alipata bahati ambayo Tony hakuipata, kwa kuwa ukweli wa kifo cha baba yake aliusikia kutoka kinywani mwa muuaji, na Tony aliusoma usoni kwa rafiki.

Pamoja na barua ile Steve alituma simu ndogo, akaahidi kwamba Tony akimhitaji, atakuja. Katika Infinity War ya mwaka 2018, Bruce anapomwambia Tony kwamba Thanos anakuja na kwamba lazima ampigie Steve, Tony anaeleza kwa shida kwamba hawazungumzi tena. Kisha anaitoa simu ile mfukoni. Miaka yote hiyo alikuwa akitembea nayo. Anaifungua, anasita, na kabla hajabonyeza kitu, chombo cha maadui kinakuwa kimeshafika juu ya New York, naye anatoka nje kupigana. Simu inabaki chini, na Bruce ndiye anayeiokota na kupiga.